Kuzidisha Nafasi: Msimu wa 2019 wa Ukweaji wa Mashindano na Athari ya Jina Moja kwa Fani Tatu

Utangulizi

Tarehe 8 Juni 2019, katika mji wa Vail, jimbo la Colorado nchini Marekani, Janja Garnbret wa Slovenia alishinda duru ya sita na ya mwisho ya Kombe la Dunia la ukweaji wa majabali. Alikuwa amekwisha kushinda duru tano zilizotangulia: Meiringen, Moscow, Chongqing, Wujiang na München. Kabla yake hakuna mkweaji, mwanamke wala mwanamume, aliyekuwa ameshinda duru zote za msimu mmoja wa fani hiyo. Miezi minne baadaye, tarehe 19 Oktoba, mjini Xiamen nchini China, Aries Susanti Rahayu wa Indonesia aliupanda ukuta wa meta 15 kwa sekunde 6.995, akawa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya sekunde 7.

Kumbukumbu rasmi huwaweka wanamichezo hawa wawili katika mchezo mmoja na msimu mmoja. Hata hivyo, mmoja wao alikwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo na kurejea na medali ya dhahabu. Mwingine hakwenda kabisa. Makala hii inadai kwamba tofauti hiyo haielezwi na ubora wa kila mmoja katika fani yake. Inaelezwa, kwa sehemu kubwa, na mambo mawili yaliyofuatana: fani tatu zisizofanana ziliitwa kwa jina moja, na jina hilo likapewa medali moja. Kanuni ya hesabu iliyobuniwa kuziba pengo kati ya jina na uhalisia ndiyo iliyoamua historia ikumbuke nini.

Fani tatu

Msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu anahitaji maelezo machache. Katika ukweaji wa kamba, mwanamichezo hupanda ukuta mrefu uliobinukia mbele, akiifunga kamba yake katika pingu za chuma kadiri anavyopanda. Ana dakika 6, na anayefika juu zaidi ndiye mshindi. Katika ukweaji wa majabali hakuna kamba. Ukuta ni mfupi, wa takriban meta 4 na nusu, chini kuna magodoro, na kila njia ni fumbo ambalo mkweaji hulifumbua kwa kujaribu, kuanguka na kujaribu tena. Katika ukweaji wa kasi wanamichezo wawili hushindana sambamba kwenye ukuta wa meta 15 ambao vishikio vyake vimepangwa kwa namna ileile popote duniani. Ndiyo maana fani hiyo peke yake ina rekodi ya dunia ya muda.

Fani hizi hazikuzaliwa pamoja. Mashindano ya kasi yana mizizi katika Muungano wa Kisovieti wa zamani. Mashindano ya Ulaya Magharibi yalianza mwaka 1985 huko Bardonecchia, Italia, kwenye mwamba wa asili, na msimu wa kwanza wa Kombe la Dunia ulifanyika mwaka 1989. Fani ya majabali ilijiunga na ratiba ya kimataifa takriban muongo mmoja baadaye. Shirikisho la kimataifa linalosimamia fani zote tatu liliundwa mwaka 2007 tu. Kwa hiyo jina moja lilikuwa la kiutawala kabla halijawa la kimichezo. Mkweaji wa kasi na mkweaji wa kamba walikuwa chini ya katiba moja, lakini kwa kawaida hawakufanya mazoezi ya aina moja.

Agosti 2016, katika kikao chake mjini Rio de Janeiro, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliuingiza ukweaji katika ratiba ya Tokyo. Ilitoa nafasi kwa wanamichezo 40, wanawake 20 na wanaume 20, na seti moja ya medali kwa kila jinsia. Shirikisho lingeweza kuchagua fani moja na kuziacha mbili nje. Lilichagua kuziunganisha zote, kila mkweaji ashindane katika zote tatu. Uamuzi huo ulilalamikiwa sana na wakweaji wenyewe, na si vigumu kuelewa kwa nini: ni kama kumtaka mkimbiaji wa meta 100 athibitishe ubora wake pia katika mbio ndefu na katika kuruka juu. Lakini kwa shirikisho changa lililokuwa na mlango mmoja wa kuingilia, sioni kuwa lilikosea kukataa kuwaacha nje wanachama wake wa fani yoyote. Tatizo lilikuwa jinsi ya kuhesabu.

Kanuni iliyokubaliwa ilikuwa kuzidisha. Nafasi ya mkweaji katika fani ya kwanza huzidishwa kwa nafasi yake katika ya pili, kisha kwa nafasi yake katika ya tatu. Mwenye zao dogo kuliko wote ndiye bingwa.

Msimu wenye kalenda mbili

Neno msimu, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, lilihusu kwanza majira ya pepo. Mabaharia wa mwambao walisafiri kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, na aliyechelewa msimu alisubiri mwaka mwingine. Maana hiyo ya kale inaufaa mwaka 2019 kuliko maana ya kisasa ya orodha ya mechi, kwa sababu mwaka ule wakweaji walisafiri kwa pepo mbili. Ya kwanza ilikuwa kalenda ya kawaida ya Kombe la Dunia, yenye bingwa wa kila fani. Ya pili ilikuwa kalenda ya kufuzu Olimpiki, iliyodai mtu awe na fani zote.

Katika kalenda ya kwanza mambo yalieleweka. Garnbret alitawala majabali. Katika kamba za wanawake, Seo Chaehyun wa Korea Kusini, akiwa na umri wa miaka 15 na katika msimu wake wa kwanza wa ngazi ya wakubwa, alitwaa ubingwa wa jumla. Tomoa Narasaki wa Japani alikuwa bingwa wa majabali kwa wanaume, na Adam Ondra wa Jamhuri ya Cheki bingwa wa kamba. Kila mmoja alipewa jina lililolingana na kazi aliyoifanya.

Kalenda ya pili ilifika kileleni mwezi Agosti huko Hachioji, Japani, kwenye Mashindano ya Ubingwa wa Dunia. Kwanza zilifanyika fainali za kila fani, kisha shindano la mchanganyiko, ambalo lilitoa nafasi 7 za Tokyo kwa kila jinsia. Garnbret alishinda majabali, kamba na mchanganyiko. Narasaki alishinda majabali na mchanganyiko. Ondra alishinda kamba, na siku chache baadaye akashindwa hata kuingia fainali ya mchanganyiko. Bingwa wa dunia aliondoka Hachioji bila tiketi, akalazimika kuisaka mjini Toulouse mwishoni mwa Novemba, ambako aliipata. Aries Susanti Rahayu hakuipata popote. Wala Reza Alipour wa Iran hakuipata, aliyekuwa akishikilia rekodi ya kasi ya wanaume ya sekunde 5.48 tangu mwaka 2017. Tokyo ilipowadia, rekodi ya wanaume ilikuwa imekwisha kupita kwa Mwindonesia Veddriq Leonardo, mwezi Mei 2021. Naye pia hakuwamo. Indonesia, taifa lililokuwa likivunja rekodi, halikuwa na mkweaji hata mmoja kwenye ukuta wa Olimpiki.

Mwandishi wa historia anayetegemea jedwali la medali peke yake hataiona Indonesia katika miaka hiyo.

Hesabu ya Tokyo

Michezo iliahirishwa kwa mwaka mmoja kutokana na janga la UVIKO-19, na fainali ya wanaume ikafanyika tarehe 5 Agosti 2021. Matokeo yake yanastahili kusomwa polepole. Walioshindana walikuwa 7, kwani wa nane, Bassa Mawem wa Ufaransa, alikuwa ameumia mkono katika mchujo.

Alberto Ginés López wa Hispania alikuwa wa 1 katika kasi, wa 7 katika majabali na wa 4 katika kamba. Zao lake 28, dhahabu. Nathaniel Coleman wa Marekani alikuwa wa 6, wa 1 na wa 5. Zao 30, fedha. Jakob Schubert wa Austria alikuwa wa 7, wa 5 na wa 1. Zao 35, shaba. Narasaki alikuwa wa 2, wa 3 na wa 6. Zao 36, akakosa medali kwa tofauti ya 1.

Sasa tuzijumlishe nafasi hizohizo badala ya kuzizidisha. Narasaki anapata 11 na kuwa bingwa peke yake. Ginés López anapata 12, Coleman 12, Ondra 12, na wengine wawili waliobaki, Mickaël Mawem na Colin Duffy, pia 12 kila mmoja. Schubert anapata 13 na kuwa wa mwisho. Yaani aliyesimama jukwaani na shaba angekuwa mkiani, na aliyetoka mikono mitupu angeimbiwa wimbo wa taifa lake. Bila shaka wakweaji wangejipanga kwa namna nyingine kama wangejua kuwa kanuni ni ya kujumlisha, hivyo zoezi hili halithibitishi kwamba Narasaki alidhulumiwa. Linathibitisha kwamba wanaume hawa 7 walikuwa karibu sawa kwa wastani, na kwamba kanuni, wala si ukuta, ndiyo iliyowatenganisha. Kuzidisha humpendelea bingwa wa fani moja. Kujumlisha humpendelea asiye na udhaifu mkubwa popote. Hayo ni maoni mawili tofauti kuhusu maana ya kuwa mkweaji bora, na moja kati yake lilivaa joho la hisabati likaonekana halina upande.

Kisa cha Ondra kinaongeza jambo. Schubert, aliyekwea wa mwisho, alifika kilele cha njia ya kamba na kumshusha Ondra hadi nafasi ya 2 katika fani hiyo. Zao la Ondra likawa 48, nafasi ya sita. Kama Schubert angeponyokwa na kishikio mahali fulani kati ya kimo alichofikia Ginés López na kile alichofikia Ondra, zao la Ondra lingekuwa 24 na dhahabu ingekuwa yake. Mtu mmoja alipanda vishikio vichache zaidi, na mtu mwingine, ambaye tayari alikuwa amekaa chini, akaporomoka kutoka wa kwanza hadi wa sita.

Kwa wanawake hakukuwa na utata juu ya dhahabu: Garnbret alipata zao la 5, mbali kabisa na Miho Nonaka wa Japani aliyefuata kwa 45. Utata ulikuwa katika shaba. Aleksandra Mirosław wa Poland alikuwa wa 1 katika kasi, huku akiweka rekodi ya dunia ya sekunde 6.84, na wa 8 katika fani zote mbili zilizobaki: 64. Akiyo Noguchi wa Japani alikuwa wa 4 katika kila fani: 64 vilevile. Shaba ilikwenda kwa Noguchi kwa kuwa alimshinda mwenzake katika fani mbili kati ya tatu. Hapa kanuni ya kuzidisha ilikiri yenyewe, mbele ya ulimwengu, kwamba haiwezi kuchagua kati ya bingwa wa fani moja na mjuzi wa wastani wa zote.

Kiswahili na fani zisizo na majina

Afrika iliwakilishwa Tokyo na wakweaji wawili, Christopher Cosser na Erin Sterkenburg, wote wa Afrika Kusini. Kwa ukanda wetu, swali la karibu zaidi kwa sasa ni la lugha: fani hizi zitaingia katika sheria, mitaala na matangazo yetu kwa majina gani?

Katika matumizi ya Afrika Mashariki, kupanda mlima kumekwisha kumilikiwa na utalii wa Kilimanjaro na Mlima Kenya, pamoja na waongozaji na wapagazi wake. Kulitumia tungo hilo kwa mchezo wa ukutani ni kurudia kosa lililoelezwa hapo juu kwa kiwango kikubwa zaidi: si fani tatu tu zitakazoingia chini ya jina moja, bali nne, na ya nne haina hakimu wala saa ya mashindano. Ilhali lugha haina upungufu wa vitenzi. Tuna kukwea, kwa mti, mnazi au mlima. Tuna kuparamia, chenye haraka na purukushani ndani yake. Tuna kuparaga, cha mtu anayeukumbatia mti kwa mikono na miguu. Katika makala hii nimetumia ukweaji kuwa istilahi mwavuli, kisha ukweaji wa kamba, ukweaji wa majabali na ukweaji wa kasi. Sidai kuwa ndiyo majina bora. Mtu anaweza kutetea uparamiaji kwa fani ya kasi, na nisingembishia sana. Ninachotetea ni kwamba majina yawe matatu tangu siku ya kwanza, na kwamba wanaoandika kanuni za usajili wa vyama vya michezo wasitosheke na mwavuli, kwani bajeti, makocha na kuta za mazoezi hufuata kile kilichotajwa.

Shirikisho lenyewe lilifika huko kwa hatua. Mjini Paris mwaka 2024 kasi ilipewa medali zake, huku majabali na kamba zikibaki pamoja kwa kujumlisha alama, wala si kuzidisha nafasi. Mirosław alitwaa dhahabu ya kasi ya wanawake. Kwa wanaume, tarehe 8 Agosti 2024, Veddriq Leonardo alishinda kwa sekunde 4.75, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Indonesia nje ya mchezo wa vinyoya. Kwa Los Angeles 2028, fani zote tatu zimepangwa kuwa na medali zake.