Rangi ya Mashavu katika Mitaa ya Eastlands

Mtaa wa Pumwani, ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mapema katika miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakusanywe upande mmoja wa mji, ulikuwa tangu asili yake maskani ya Waislamu wengi wenye kusema Kiswahili. Na kijiji cha Pangani kilipovunjwa mwaka 1939, wengi wa wakazi wake wakahamia hapo na Shauri Moyo, mila za pwani zikazidi kushika mizizi, miongoni mwazo elimu ya kujipamba. Biarusi wa Pumwani, sawa na mwenzake wa Mombasa, alisingwa kwa liwa na dalia, akatiwa wanja machoni na hina mikononi, somo yake akisimamia kila jambo. Jirani zake Wakikuyu nao walikuwa na pambo lao la jadi, yaani udongo mwekundu uliokorogwa kwa mafuta ya mbarika. Mapambo hayo, ijapokuwa yalihitilafiana, yalikutana katika sharti moja: yaliipamba ngozi pasipo kuikana.

Amma poda na rangi za mashavu zilizotoka Ulaya, msingi wake ulikuwa mweupe, nazo zilikusudiwa nyuso za waridi. Zikipakwa juu ya ngozi nyeusi, wekundu hupotea, ukabaki weupe mkavu mithili ya majivu. Taksiri ilikuwa ya mtengenezaji, lakini lawama ikaangukia uso wa mnunuzi, na badala ya rangi kuifuata ngozi, ngozi ikaamriwa kuifuata rangi. Hapo krimu za kujichubua zikapata soko. Tanzania ilizipiga vita kwa Operesheni Vijana, iliyotangazwa mwaka 1968 kwa hoja ya heshima ya taifa. Nairobi ushahidi ulitoka wodini, kwani mwaka 1972 madaktari waliowachunguza wagonjwa 60 wa figo waligundua kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu zenye zebaki.

Faraja ilikuja kwa njia ya mbali. Mwaka 1973, mjini Chicago, Eunice Johnson alianzisha Fashion Fair kwa ajili ya wanawake weusi. Na Iman, Msomali aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Nairobi alipogunduliwa na mpiga picha Peter Beard mwaka 1975, alifika New York kama mwanamitindo, akalazimika kujichanganyia rangi mwenyewe, hata mwaka 1994 akatoa vipodozi vyake.

Leo maduka ya Eastleigh yamejaa rangi za kila namna, na tabu imegeuka kuwa ya kuchagua. Mpambaji hodari wa Umoja au Buruburu hujaribu blasha shavuni penyewe, si mgongoni mwa kiganja, kisha humtoa mteja mlangoni amtazame kwa mwanga wa jua, kwa kuwa taa ya dukani hudanganya. Mweusi ti humchagulia zambarau, damu ya mzee au wekundu wa tofali. Wa maji ya kunde humpa rangi ya chungwa au waridi iliyokolea. Mwenye ngozi kavu humpaka ya krimu, na mwenye mafuta mengi humpaka ya unga. Brashi huikung'uta kwanza, akamwambia mteja atabasamu, akaanzia pale shavu linapoinuka na kupandisha kuelekea panjani, kidogo kidogo, maana kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza.

Na anayeambiwa na muuzaji kwamba rangi fulani itamkubali akishang'aa kidogo, basi ajue anauziwa bidhaa mbili, na ile ya pili ndiyo iliyowafikisha watu hospitali; airudishe ya kwanza na kuulizia iliyokoza zaidi.