Lancia: Waliiteka Safari Rally, Kutu Ikawaumbua

Mvua ikinyesha Mwamanyili, kule Busega mkoani Simiyu, ule udongo mweusi wa mbuga haukuachii kirahisi. Unanasa kwenye kiatu, unajaa chini ya madigadi, mwisho gari linagoma kabisa. Udongo wa aina hiyohiyo, upande wa Kenya, uliwatoa jasho Waitaliano kwa miaka 14.

Safari Rally ilianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Enzi hizo ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye, miaka ya 70, ikabaki Kenya peke yake.

1974 Lancia wakaja na Fulvia. Sandro Munari akashika nafasi ya tatu, huku Mkenya Joginder Singh akibeba ushindi na Mitsubishi Lancer yake. Mwaka uliofuata wakarudi na Stratos, chuma fupi kama kabari, injini ya Ferrari nyuma ya dereva. Wakapata nafasi ya pili na ya tatu. Aliyewapiga? Ove Andersson na Peugeot 504, gari la kawaida tu la familia!

Hapo ujue Lancia ndio walikuwa mabingwa wa dunia 1974, 1975 na 1976. Dunia nzima waliiweza, Safari ikawashinda. Huku mbio peke yake haikutoshi. Kulikuwa na vumbi, mashimo, mito iliyofurika na maelfu ya kilomita.

Ukame ukaisha 1988. Miki Biasion akashinda na Delta Integrale, akarudia 1989, kisha Juha Kankkunen akamalizia 1991. Kuanzia 1987 hadi 1992 kampuni ikachukua ubingwa wa dunia mara sita mfululizo.

Lakini huku wakibeba makombe, mtaani jina lilishachafuka.

Mwaka 1972 walitoa Lancia Beta. Gari tamu, linakimbia, ndani limetulia. Shida ilikuwa bodi. Maji yalituama kwenye sehemu zilizofichika, bati halikukingwa vizuri, na Ulaya wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Maji na chumvi juu ya chuma, unategemea nini? Kufikia 1980 Uingereza kukawa na kashfa: kwenye baadhi ya Beta, sehemu zinazoshikilia injini zilikuwa zinaliwa na kutu. Kampuni ikalazimika kununua tena magari kutoka kwa wateja. Alfasud ya Alfa Romeo nayo ilijulikana kwa ugonjwa huohuo.

Wateja hawakusahau. 1994 Lancia wakafunga biashara Uingereza, makombe yote yale yakiwa kabatini. Cha kuchekesha, Stratos ya mashindano bodi yake ilikuwa ya faiba, isiyoshika kutu. Ya dereva wa rally ilikingwa, ya mama wa watoto wawili ikaachwa ioze.

Fundi bodi yeyote anajua: ukiona rangi imevimba, ndani kulishaoza kitambo. Kuziba na puti na kupiga rangi mpya ni kujidanganya. Busega hakuna chumvi ya barafu, ila tope likiganda chini ya gari linatunza unyevu siku nyingi. Kwa hiyo ukiosha gari, usiishie kung'arisha boneti ya kupigia picha. Inama, osha na chini.