Jirani wa Gliese 229

Kwa zaidi ya miaka 30 vibete vya kahawia vilikuwa viumbe vya hesabu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Shiv Kumar, mtaalamu wa falaki, alikuwa amekwisha kubainisha kwamba wingu la gesi likijikusanya lisifikie kiasi cha sehemu nane katika mia za uzito wa jua, kiini chake hakitapata joto la kuiunguza haidrojeni daima dawamu, bali litapoa na kufifia kadiri dahari zinavyopita. Na Jill Tarter ndiye aliyevipa jina mwaka 1975. Waliodai kuviona hawakukosekana, lakini madai yao aghalabu yalitenguka, kama lile la 1984 juu ya nyota Van Biesbroeck 8, au yalibaki na shaka.

Mnamo Oktoba 1994, katika mlima Palomar, California, Tadashi Nakajima, Shri Kulkarni na wenzao, wakitumia kifaa cha kuziba mwanga wa nyota kama mtu akingavyo taa kwa kiganja, waliona nukta hafifu kando ya nyota nyekundu Gliese 229, ambayo nuru yake hutumia kadiri ya miaka 19 kutufikia. Mwenye pupa angalitangaza asubuhi yake. Wao walistahamili karibu mwaka mzima, kwani huenda nukta ile ilikuwa nyota ya mbali mno iliyotukia kuwa mstari mmoja na jirani yake, na ithibati haikuwa ila kungoja ionekane kwamba zinasafiri pamoja angani. Zikasafiri pamoja. Kisha darubini ya Hale, ya mlima huohuo, ikachambua nuru ya nukta na kukuta methani, gesi isiyoweza kudumu katika joto la nyota ila katika hewa baridi kama ya Mshtarii. Na kwa maoni yangu ushahidi huo ulitosha kuwanyamazisha wabishi wote. Wahispania walikuwa wamekwisha kupata kibete kingine katika Kilimia, lakini hicho hakikuwa na nyota ya kuizunguka.

Hata hivyo wanafalaki walipopima jinsi kibete cha Gliese 229 kinavyoivuta nyota yake, walipata uzito wa Mshtarii 70 hivi, mkubwa mno kwa nuru dhaifu namna ile. Mwaka 2024 Jerry Xuan na wenzake walifumbua fumbo: ni vibete viwili, vya Mshtarii 38 na 34 takriban, vinavyozungukana kila siku 12, navyo vimeachana kwa mara 16 tu ya umbali wa dunia na mwezi, ndiyo maana hata Hubble, iliyovipiga picha mwaka 1995, iliviona kama kimoja.