Ukigongwa gari, usiseme "tuyamalize" haraka: bima, polisi na gereji hatua kwa hatua

Haya wadau, leo naweka kitu ambacho mimi mwenyewe nilikihitaji na sikukipata. Ni kuhusu ajali ndogo. Siyo zile za kutangazwa redioni, hapana. Nasema bampa kupasuka, taa kuvunjika, buti kugoma kufunga. Ile ajali ambayo watu wanashuka, wanaangaliana, halafu mmoja anasema "bwana, tuyamalize".

Nianze na yaliyonikuta. Mwenye haraka aruke aende namba 1.

Ilivyokuwa

Kwa wasiopajua, Maji ya Chai ni kata ya huku Arumeru, kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, ukishapita Usa River. Jina limetokana na maji ya mto wetu, yana rangi kama ya chai. Malori ya kwenda Holili, magari ya watalii yanayowahi KIA, vifodi na bodaboda, wote tunagombania lami hiyo hiyo.

Jumamosi moja, siku ya gulio Tengeru, nilikuwa narudi nyumbani na Corolla ya baba mdogo. Kifodi cha mbele yangu kikasimama ghafla kushusha abiria. Nikakanyaga breki, nikasimama salama. Wa nyuma yangu hakuwahi. Puu!

Akashuka mtu mzima, kavaa vizuri. Nikamwamkia. Akaangalia gari akasema, "Mdogo wangu, hii ni bampa tu. Tukiita trafiki tutashinda hapa mpaka jioni. Shika elfu hamsini, fundi akisema zaidi nipigie." Akaniandikia namba ya simu. Nikaona huyu mstaarabu, nikapokea.

Jumatatu fundi akafungua bampa. Kumbe ndani paneli ya nyuma imeingia, ndiyo maana buti halifungi. Na taa imepasuka. Makisio: shilingi 380,000. Nikapiga ile namba. Siku ya kwanza "niko kwenye kikao". Siku ya pili inaita tu. Siku ya tatu haipatikani. Jamaa kaingia mitini. Namba ya gari lake sikuandika, picha sikupiga, na simu yenye kamera ilikuwa mfukoni!

Nikakimbilia kwa wakala aliyemkatia baba mdogo bima. Akaniuliza, "Aliyekugonga, bima yake ni ya kampuni gani?" Nikamwambia sijui, ila sisi bima tunayo. Akaniangalia kwa huruma. "Yenu ni bima ndogo. Hiyo inamlipa mtu mtakayemgonga nyie. Gari lenu haitengenezi."

Baba mdogo hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Zile 330,000 zilizobaki tuligawana nusu kwa nusu. 165,000 yangu ilitoka kwenye hela niliyokuwa naiweka kwa ajili ya ada ya chuo.

Somo ni moja: ukigongwa na wewe una bima ndogo, stika ya maana siku hiyo siyo ya kwako, ni ya aliyekugonga. Ukimwacha aondoke bila kuijua, umeiacha hela yako iondoke naye.

1. Zijue bima zenyewe

Sheria ya bima ya magari (Sura ya 169) inakataza gari kutembea barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Kwa kawaida unakutana na aina tatu:

- Bima ndogo. Inalipa madhara uliyomsababishia mwingine: kifo, majeraha, na kwa bima nyingi zinazouzwa hata mali yake, mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Gari lako halimo. Bei iliyozoeleka kwa gari dogo la binafsi ni 118,000, yaani 100,000 na VAT ya asilimia 18.
- Ya kati. Ni bima ndogo, inaongezwa moto na wizi wa gari lako. Kugongwa bado haimo.
- Bima kubwa. Inalipa mwingine na inatengeneza na gari lako, hata kama kosa ni lako. Kiwango kilichozoeleka kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Piga hesabu: gari la milioni 10 ni 350,000, weka VAT ya asilimia 18 ambayo ni 63,000, jumla 413,000 kwa mwaka. Ila ujue hata bima kubwa kuna kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe. Uliza ni shilingi ngapi kabla hujalipia.

Mitego miwili ambayo vijana wengi hawaijui. Kwanza, ukikata bima ya gari la binafsi halafu Noah ikawa inapiga mchomoko, kampuni ina sababu ya kukukatalia, maana matumizi siyo yale uliyoandikisha. Pili, ukinunua gari mkononi mwa mtu usitegemee stika yake. Mkataba ule ni wa kwake na kampuni yake. Nenda ukaandikishwe wewe.

2. Pale pale barabarani

1. Simama, washa taa za hatari, weka pembetatu nyuma. Kukimbia ajali ni kosa kisheria hata kama kosa la kugonga siyo lako.
2. Angalia watu kwanza. Kama kuna aliyeumia, habari ya kuyamaliza ife hapo hapo. Piga 112. Aliye na hali mbaya awahishwe hospitali, na fomu ya PF3 ichukuliwe polisi. Magari yasiguswe mpaka polisi wafike.
3. Piga picha kabla magari hayajasogezwa: yote mawili kwa pamoja, namba za magari, sehemu zilizoumia, alama za matairi, na kitu cha kuonyesha ni wapi, kama kibao au duka.
4. Andika namba ya gari lake, jina lake, namba ya leseni, na kampuni ya bima. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya TIRA uhakiki kwa namba ya gari. Inakuonyesha kama bima iko hai. Namba yake ya simu ipigie hapo hapo mbele yake uone kama inaita.
5. Chukua namba za mashahidi wawili. Mama anayeuza ndizi pembeni ya barabara ameona kuliko abiria aliyekuwa amelala.
6. Usikubali wala kusaini kwamba utalipa. Hata kama unajiona umekosea, kampuni inaweza kukwambia umeahidi bila ruhusa yake.

3. Polisi

Ripoti siku hiyo hiyo, usilale nayo. Sisi wa huku kituo cha karibu ni Usa River. Utaandika maelezo, utachorwa mchoro wa ajali, na gari litaangaliwa na mkaguzi wa magari wa polisi. Mwisho inatoka ripoti inayoonyesha nani alisababisha. Kwa kawaida aliyegonga kwa nyuma ndiye anayebanwa, kwa sababu alitakiwa kuacha nafasi, lakini usijiaminishe mpaka imeandikwa.

Hapa wengi tunachanganya. Ile faini ya trafiki iliyozoeleka ya 30,000 inaenda serikalini. Jamaa akiilipa hajakulipa wewe hata senti. Fidia yako unaidai kivyake, na ripoti ya polisi ndiyo silaha yako.

4. Kudai

Kama umegongwa, nenda kwenye kampuni ya bima ya aliyekugonga. Kama una bima kubwa, unaweza kuanza na kampuni yako, wao watajuana na wenzao. Kama wewe ndiye uliyegonga, toa taarifa kwenye kampuni yako mapema, maana kuchelewa kunawapa sababu ya kukuruka.

Beba: fomu ya madai, ripoti ya polisi na mchoro, nakala ya kadi ya gari, leseni ya aliyekuwa anaendesha, picha, na makisio ya gereji. Toa kopi mbili za kila kitu. Moja unawaachia, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea yenye tarehe, hiyo unakaa nayo. Siku wakisema "faili lako hatulioni", unaitoa.

Kampuni itamtuma mkadiriaji aje aone gari. Usianze kutengeneza kabla hajaliona. Ukishanyoosha, utamwonyesha nini? Kama gari halitembei salama, liache gereji au nyumbani, piga picha, na uwakumbushe kwa maandishi.

Wakikubali kulipa watakupa karatasi ya kusaini kwamba umeridhika. Isome taratibu. Ukishasaini umefunga madai, na fundi akigundua kitu kingine baadaye ni juu yako.

5. Gereji

Hapa ndipo hela inapopotea kiulaini, kwa hiyo nakaa kidogo.

- Bampa lifunguliwe kabla ya bei. Plastiki inarudi, chuma cha ndani hakirudi. Mimi 50,000 niliiona nyingi kwa sababu nilikuwa naangalia plastiki. Ukigongwa mbele, rejeta na feni viangaliwe. Maji yakivuja au mshale wa joto ukipanda, usiendeshe, utaua injini kwa ajili ya bampa.
- Chukua makisio sehemu mbili au tatu, kwa mfano moja ya huku kwetu na nyingine gereji za Unga Ltd mjini. Yaandikwe kwa mafungu: spea, kunyoosha, rangi, ufundi. Bei ya jumla peke yake haina maana.
- Spea mpya au mtumba? Iandikwe. Taa ya mtumba bei yake siyo ya mpya. Spea ya zamani usiiache, inaweza kuulizwa na watu wa bima.
- Rangi. Mpe fundi namba ya rangi, iko kwenye kibati cha gari. Toyota nyingi kinakuwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Gari likaguliwe mchana juani. Jioni nyeupe zote zinafanana.
- Malipo kwa awamu. Hela ya spea kwa risiti, ufundi nusu, nusu ukiridhika.
- Kabla hujaondoka: funga na fungua buti mara kumi, mwagia maji uone kama yanaingia, washa taa zote, angalia nafasi za milango kama ziko sawa. Gari likivuta upande mmoja, rudisha likapimwe matairi.

6. Wakikuzungusha

Andika malalamiko kwa kampuni kwanza, siyo kwa mdomo. Wasipojibu, nenda TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iliyoanzishwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kanda ya Kaskazini ofisi iko Arusha mjini, huhitaji kupanda basi la Dar. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoleta na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), ambaye kazi yake ni kusikiliza mteja na kampuni wakivutana.

7. Na kama mmeamua kuyamaliza kweli?

Sisemi ni dhambi. Kioo cha pembeni kimevunjika, hakuna aliyeumia, mnakubaliana, sawa. Lakini iwe kwenye karatasi: majina, namba za magari, namba za leseni, tarehe, mahali, kosa la nani, kiasi kilichotolewa, na maneno "haya ni malipo ya awali, salio litalipwa baada ya makisio ya fundi". Msaini wote na mashahidi wawili, halafu piga picha karatasi hiyo pamoja na leseni yake. Mtu mwenye nia njema hatakataa. Akikataa kuandika, umeshajua ile simu itakuwa haipatikani siku ya tatu.

Mimi bado ada naijazia taratibu, na baba mdogo ameshaniachia tena funguo. Printi namba 2 hapo kafe, ikunje uweke kwenye dashibodi, maana ukishagongwa akili haifanyi kazi. Na wewe kama yalikukuta, weka hapo chini ulivyofanya, wengine tujifunze.

Nawasilisha.