Anayeanguka na Asiyeanguka

Washabiki wa ndondi wana mizani yao ya haraka ya kumpima bondia: je, huanguka au haanguki? Asiyeanguka husifiwa kuwa ni chuma. Anayeanguka huitwa dhaifu hata kabla mwamuzi hajamaliza kuhesabu. Mizani hiyo ni nyepesi mno, na historia ya mabondia wawili inatosha kuonyesha hivyo.

Wa kwanza ni George Chuvalo wa Kanada. Katika mapambano yake 93 ya kulipwa, hakuangushwa hata mara moja. Wa pili ni Floyd Patterson wa Marekani, aliyeanguka mara nyingi. Tarehe 26 Juni 1959, Ingemar Johansson wa Sweden alimwangusha mara saba katika raundi ya tatu peke yake, akamnyang'anya ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Wengi walidhani Patterson amekwisha. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: tarehe 20 Juni 1960 alimshinda Johansson katika raundi ya tano, akawa bondia wa kwanza kuurudisha ubingwa huo mikononi mwake.

Februari 1, 1965, wawili hao walikutana New York. Baada ya raundi 12, Patterson, yule wa kuanguka, alishinda kwa pointi.

Hapa ndipo tunapojifunza kwamba kustahimili konde ni jambo moja, na kurejewa na nguvu baada ya konde ni jambo jingine. La kwanza huonekana na kila mtu. La pili lataka jicho la makini: je, miguu yake imetulia? Macho yanamtazama nani? Je, anajua kumkumbatia mpinzani ili apate pumzi, au anarudi kupigana kwa hasira?

Tena kuna jambo ambalo washabiki hulisahau. Anayeanguka huhesabiwa, na katika sekunde hizo hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Asiyeanguka hana mapumziko hayo. Joe Frazier mwaka 1967, na George Foreman mwaka 1970, walimshinda Chuvalo akiwa wima. Waamuzi walisimamisha mapambano hayo kwa sababu miguu yake ilikataa kumwokoa. Kusimama kwake, tulikokuita nguvu, ndiko kulikomwongezea makonde.

Hata hivyo, tusidhani kwamba anayeinuka ameinuka na kila kitu chake. Ubongo hutikisika ndani ya fuvu, bondia aanguke au asianguke, na madhara yake yaweza kujificha miaka mingi. Patterson alipozeeka alikabidhiwa uenyekiti wa tume inayosimamia ngumi katika jimbo la New York, kazi ya kuwalinda mabondia. Mwaka 1998 alihojiwa chini ya kiapo, na hakuweza kulikumbuka jina la mtu aliyemshinda mwaka 1956 alipotwaa ubingwa kwa mara ya kwanza. Mtu huyo alikuwa Archie Moore. Patterson alijiuzulu, na alifariki mwaka 2006.

Kwa hiyo anayetaka kumpima bondia asitazame tu kama ameinuka. Ahesabu pia ni mara ngapi amelazimika kuinuka, na ni nani mwenye moyo wa kumwambia kwamba sasa inatosha.