Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe: Historia Fupi ya Misaada na Vikundi Vyetu



Kila tarehe 20 Juni tunakusanyika uwanjani, tunacheza ngoma na kusikiliza hotuba. Siku hii ilikuwa Siku ya Wakimbizi wa Afrika kabla ya Umoja wa Mataifa kuifanya ya dunia nzima, na mwaka 2001 ndipo ilipoadhimishwa hivyo kwa mara ya kwanza. Safari hii kamati imeonelea tuandike juu ya jambo lisilosemwa sana katika hotuba. Kwa nini vikundi vyetu vingi huzaliwa na kufa kabla ya kutimiza mwaka, na vichache tu hudumu? Jibu tumelitafuta katika historia.

Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilianzisha huko Tanganyika shirika la Tanganyika Christian Refugee Service, ambalo wazee waliopitia makazi yale wanalijua kwa herufi TCRS. Kazi yake ilikuwa ya pande tatu: serikali ilitoa ardhi, UNHCR ilitafuta fedha, na TCRS ilitekeleza. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu na Katumba, na kuanzia mwaka 1978 wengine Mishamo. Huko Mishamo vilipangwa vijiji 16, na familia ilipewa shamba la kulima. Chakula cha msaada kilikuwa cha kuanzia tu, mpaka watu wavune chao. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini anayepewa jembe huhitaji pia muda wa kulima, kupalilia na kuvuna, na muda huo ulitolewa: Mishamo ilikabidhiwa kwa serikali mwaka 1985, yaani baada ya miaka 7.

Si kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Ulyankulu watu walizidi maji na ardhi, ikabidi maelfu wahamishiwe Mishamo. Tena baada ya wafadhili kuondoka, matengenezo ya barabara na ya mitambo ya maji yaliwaelemea waliokabidhiwa. Hapo tunapata somo la kwanza: anayejenga kisima bila kuacha njia ya kupata vipuri amejenga nusu ya kisima. Hata hivyo watu walibaki na ardhi, na pamoja na ardhi walibaki na makanisa na shule zao. Kuanzia mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya watu wa makazi hayo matatu na watoto wao walianza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania. TCRS yenyewe mwaka 2006 iligeuka kuwa shirika la wenyeji.

Halafu ikaja miaka ya tisini. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993, Warundi walikimbia kwa mamia ya maelfu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Mwaka 1996 vita vikawaka Kongo. Hapo hapakuwa na nafasi ya kupima mashamba. Palihitajika maji, maturubai na dawa, tena upesi. Hatumlaumu aliyekuja na lori la maji wakati watu wanakufa kwa kipindupindu. Tunachosema ni kwamba dharura ilipita, ila utaratibu wa fedha za dharura ukabaki. Mikataba ikawa ya mwaka mmoja mmoja, na sheria nazo zikabana: sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 iliwafunga watu kambini, na mashamba makubwa ya zamani yakawa hadithi.

Matokeo yake tumeyaona kwa macho yetu hapa. Kikundi cha akina mama cha ushonaji kilipewa cherehani 8 na mwalimu kwa miezi 9. Mwezi wa kumi mradi ulifungwa, mwalimu akaondoka, na cherehani zikafungiwa stoo kwa sababu kwenye karatasi zilikuwa mali ya mradi. Akina mama walikuwa wamekwisha kupokea kazi ya kushona sare za shule. Ilibidi warudishe vitambaa na kuomba radhi kwa wazazi. Aibu hiyo haikuandikwa katika ripoti yoyote, nasi tunaiandika hapa.

Wapo waliopata njia nyingine. Huko Kyangwali, Uganda, mwaka 2005 vijana wakimbizi waliunda kikundi cha COBURWAS, jina lililotokana na Kongo, Burundi, Rwanda na Sudan. Walilima ili kupata karo, wakaanzisha shule, na wafadhili wakawakuta tayari wanafanya kazi. Kampala, mwaka 2007, vijana Wakongomani walianzisha YARID, wakakutanisha watu kwa michezo na masomo ya Kiingereza. Mwaka 2022 umoja wa mashirika ya wakimbizi ambamo YARID imo ulipata tuzo ya dola milioni 10, ili fedha ziyafikie mashirika yanayoongozwa na wakimbizi wenyewe.

Lakini hao ni wachache. Mwaka 2016, mjini Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada zingewafikia wenyeji moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika na ahadi haikutimia.

Kwa hiyo, ndugu wa mashirika, tunaomba mambo matatu. Kwanza, mkataba na kikundi uwe wa miaka 3 au zaidi, hata kama fedha ni kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Pili, sehemu ya fedha iruhusiwe kulipia karatasi, nauli, vipuri na mtunza hesabu, maana kikundi hakiendeshwi kwa semina peke yake. Tatu, tangu siku ya kwanza iandikwe mali itabaki kwa nani mradi ukiisha.

Nasi wakazi tuna deni letu. Hesabu zisomwe hadharani kila mwezi, viongozi wachaguliwe na wabadilike, na kila mwanachama atoe mchango wake, hata kama ni kikombe cha maharage. Mfadhili haogopi umaskini wetu. Anaogopa daftari lisiloonekana.



Kamati ya Jumuiya