Maji Yale Yale Mara Tano

Mabwawa ya mto Tana hayakujengwa kwa kufuata mkondo wa maji. Ukiteremka na mto huo leo kusini mwa Kaunti ya Embu, katika nyanda kavu za Mbeere, utafika kwanza Masinga, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na hatimaye Kiambere. Lakini lililotangulia kujengwa ni Kindaruma, la nne katika safu hiyo, lililofunguliwa mwaka 1968 Jomo Kenyatta akiwa Rais. Masinga, lililo juu ya yote, lilikamilika mwaka 1981. Ili kuelewa kwa nini kazi ilianzia katikati ya mto, yafaa kurudi nyuma kidogo.

Wakati wa ukoloni, stima ya Kenya ilitoka kwenye vituo vidogo. Ndula, kwenye mto Thika, kilianza mwaka 1925 kikiwa na megawati 2 hivi, nacho kilihesabiwa kuwa mradi mkubwa. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Nairobi ilikua haraka kuliko mitambo yake. Suluhisho likatafutwa Uganda, ambako bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954. Mwaka huo huo kampuni ya Kenya Power iliundwa ili kusafirisha umeme huo, na kufikia mwaka 1958 nyaya zilikuwa zimefika Nairobi kupitia Tororo, kwa mkataba wa megawati 30 uliokusudiwa kudumu miaka 50.

Kisha uhuru ukaja. Serikali mpya haikupenda viwanda vyake vitegemee swichi iliyo ng'ambo ya mpaka, hata kama aliyeishika ni ndugu. Kampuni ya kuendeleza mto Tana iliundwa mwaka 1964, na wahandisi wakaelekeza macho kwenye sehemu ambako mto unaacha nyanda za juu na kuporomoka kwa hatua kadhaa kuelekea nyika, Mbeere upande mmoja na Ukambani upande wa pili. Walichotaka ni umeme wa haraka. Kindaruma palikuwa na maporomoko yasiyohitaji ukuta mrefu sana, na mitambo miwili ya megawati 20 kila mmoja ilitosha kuanzia. Walichokosa ni akiba: bwawa lenyewe ni dogo, na mto ukipungua, nalo linapungua.

Mhandisi anapotazama maporomoko huuliza mambo mawili tu: maji kiasi gani, na yanaanguka kutoka juu kiasi gani. Mita moja ya ujazo ya maji, yaani tani nzima, ikianguka mita 100 kila sekunde, inabeba nguvu ya kilowati 980 hivi. Ukitoa kinachopotea kwa msuguano na joto, hubaki karibu kilowati 900. Ukiongeza maji mara mbili unapata mara mbili. Ukiongeza kimo mara mbili, vilevile. Ndiyo maana Gitaru na Kiambere hazina jengo la mitambo chini tu ya ukuta wa bwawa. Maji huingizwa kwenye handaki lililochimbwa ndani ya mwamba, yakapelekwa hadi chumba cha mitambo kilicho chini ya ardhi, yakatokea tena mtoni mbali na pale yalipoingilia. Kwa njia hiyo mhandisi anajiongezea kimo bila kuinua ukuta.

Ndani ya chumba hicho maji hupita kwenye milango midogo iliyopangwa kwa duara, kila mmoja ukigeuka kiasi ili kuongeza au kupunguza mkondo, kisha hugonga pangaboi la chuma. Pangaboi huzungusha mhimili, na juu ya mhimili kuna gurudumu zito lenye sumaku pembeni. Sumaku hizo zinapopita mbele ya nyaya za shaba zilizosimama tuli, umeme huamka ndani ya shaba. Nyumba zetu zinatumia umeme unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mashine inayozunguka mara 300 kwa dakika inahitaji jozi 10 za sumaku ili kufikia idadi hiyo, ndiyo sababu mashine za maji ni pana kama vyumba. Mashine ya mvuke, inayokimbia mara 3,000 kwa dakika, inatosheka na jozi moja, hivyo huwa nyembamba na ndefu. Zaidi ya hapo tofauti ni ndogo: moja inasukumwa na mvua, nyingine na moto.

Kamburu lilifuata mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili, kwani hapo Tana hukutana na Thiba, mto unaoleta maji ya upande wa Kirinyaga na Embu, pamoja na ya Rupingazi unaopita mjini Embu. Gitaru likaja mwaka 1978; baada ya kuongezewa mashine ya tatu mwaka 1999 lilifikia megawati 225, na hakuna kituo cha maji kinacholishinda nchini.

Kufikia hapo kulikuwa na vituo vitatu vilivyofuatana kama vinu kwenye mfereji mmoja, na vyote vilikuwa na njaa ya kiangazi. Kwa hiyo Masinga halikujengwa hasa kwa ajili ya megawati zake, ambazo ni 40 tu. Lilijengwa kuhifadhi. Ziwa lake hubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5, mvua za Aberdare na Mlima Kenya zilizokusanywa masika na vuli ili zitolewe kidogo kidogo miezi ya jua kali. Kila mita ya ujazo inayoachiliwa Masinga hufanya kazi hapo, ikateremka Kamburu, Gitaru, Kindaruma na, tangu mwaka 1988, Kiambere, kabla ya kuachwa iende zake Garissa. Leo vituo hivyo vitano vina uwezo wa karibu megawati 600. Kwa maoni yangu ni kosa kuvihesabu kuwa vitano. Ni mtambo mmoja wenye vyumba vitano.

Kiambere linastahili kusimuliwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu lilihamisha watu wengi. Maelfu waliishi kwenye bonde hilo, wakilima na kufuga. Walilipwa fidia ya pesa taslimu, kisha kila mmoja akajitafutia pa kwenda. Utafiti uliofanywa baadaye, ambao mwanasosholojia Michael Cernea wa Benki ya Dunia aliueneza katika maandishi yake, uligundua kwamba wastani wa shamba la familia ulishuka kutoka hekta 13 hadi 6, mifugo ikapungua kwa zaidi ya theluthi, na mavuno ya mahindi kwa hekta yakaanguka kwa asilimia 68. Mapato ya familia yalipungua kwa asilimia 82. Ardhi yenye rutuba ya kando ya mto haikuwa ikiuzwa popote kwa bei iliyolipwa. Nyaya zenye nguvu kubwa zilipita juu ya vichwa vya wenyeji zikielekea Nairobi, na kwa miaka mingi jioni ya Mbeere iliendelea kuwa ya koroboi.

Udhaifu wa mtambo unaokula mvua ulijitokeza waziwazi mwaka 2000. Ukame ulikausha mabwawa, nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme, viwanda vikafungwa kwa zamu, na serikali ikakodi majenereta ya dizeli ya dharura. Mwaka 2009 maji yalishuka tena, hata Masinga likazimwa. Hapo ndipo vituo vya joto, kama vile vya Kipevu kule Mombasa, hubeba mzigo. Kipevu huchoma mafuta mazito ndani ya injini kubwa zinazozungusha jenereta. Kwingineko joto hutumika kuchemsha maji, mvuke ukasukuma pangaboi. Moto haungoji masika, lakini mafuta hununuliwa kwa dola, na mwananchi huyaona kwenye bili yake.

Kilichoiokoa Kenya zaidi ni mvuke ambao haukuhitaji kuchomewa chochote. Olkaria, Naivasha, ilianza kuzalisha umeme kwa joto la ardhini mwaka 1981, mwaka ule ule wa Masinga, ikiwa na megawati 15. Siku hizi joto hilo hutoa sehemu kubwa kuliko chanzo kingine chochote nchini. Mabwawa ya Tana yamebadilishiwa kazi kwa namna fulani. Olkaria hunguruma usiku na mchana bila kubadili mwendo, nayo milango ya Gitaru na Kamburu hufunguliwa inapokaribia saa moja na nusu jioni, nchi nzima inapowasha taa kwa pamoja. Mashine ya maji huamka kwa dakika chache, jambo ambalo boila haliwezi.

Msomaji wa Meru huenda ameanza kujiuliza yeye yuko wapi katika hadithi hii ya Tana. Mito yake mikubwa, Kathita na Mutonga, huingia Tana chini ya Kiambere, kwa hiyo haijawahi kuzungusha hata moja ya mashine hizi. Mipango ya bwawa la Grand Falls, ambalo lingeikamata, imekuwa mezani kwa miongo kadhaa. Wakati huo huo watu wa mlimani wamejifanyia yao. Kule Mbuiru, kwenye kijito cha Tungu, wanakijiji walinunua hisa kwa pesa na kwa jasho wakajenga Tungu-Kabiri, mtambo wa kilowati 18 wa kuendesha biashara ndogo ndogo. Ingehitajika mitambo 12,500 kama huo kuifikia Gitaru. Kiwanda cha chai cha Imenti nacho kilijijengea mtambo wa maji ili kupunguza gharama za umeme, na stima inayobaki huuzwa kwa gridi ya taifa.